Koleo la Kukatia Ndoana

Wauguzi wapya wanaopangiwa zahanati za ufukweni huniuliza wabebe nini. Huwajibu: gambuti, chandarua, na koleo la kukatia. Gambuti na chandarua wanakubali bila neno. Nikifika kwenye koleo wanatazamana, wanadhani Sista Robai ameanza kuzeeka vibaya. Basi, kwa kuwa sasa nimestaafu na hakuna mtu wa kunigongea dirisha kabla sijamaliza chai, nimekaa chini kueleza jambo hili moja. Mengine ya kazi yetu mtayakuta vitabuni, na ya vyeo na mishahara mtayasikia kwenye mikutano, hata msipouliza.

Mimi ni mzaliwa wa Maragoli. Nilipelekwa kwenye ufuo mmoja mdogo upande wa Luanda Kotieno, kule ambako feri huvuka kwenda Mbita. Dholuo yangu wakati huo ilikuwa salamu ya asubuhi na asante, basi. Wagonjwa wangu nao walikuwa na Kiswahili chao ambacho hakikuogopa ngeli yoyote. Tulielewana vizuri kuliko nilivyotarajia. Wakaniita Nyar Maragoli, yaani binti wa Maragoli, kwa kuwa huko mwanamke huitwa kwa jina la kwao, akae miaka mingapi, azae watoto wangapi.

Siku yangu ya kwanza nilifungua kabati la vifaa nikakuta mkasi wa bandeji, vibanio, na dawa ya minyoo ya kutosheleza wilaya nzima. Nikaona si haba. Kabla ya saa sita akaingia mvuvi mmoja aitwaye Ochieng', mtu wa mabega mapana, ameshikilia mkono wake wa kushoto kama mtu aliyebeba yai. Katikati ya kiganja palikuwa na ndoana.

Kwa asiyejua, wavuvi wa mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, hutumia kamba ndefu iliyofungwa ndoana nyingi, kila moja na chambo chake. Kamba hiyo huachiliwa majini ikiwa inakimbia, na huvutwa ikiwa imejaa hasira ya samaki. Ndoana iliyokosa samaki hupata mtu. Na ndoana haitoki ilikoingilia, kwa sababu karibu na ncha ina mwiba mdogo unaotazama nyuma. Ukivuta, mwiba unashika nyama, na kadiri unavyovuta ndivyo unavyochana. Njia ni kuisukuma mbele mpaka ncha itokeze upande wa pili wa ngozi pamoja na ule mwiba, uukate mwiba, kisha shina lililobaki ulirudishe polepole lilikotoka. Haya yote nilikuwa nimefundishwa chuoni. Nilichokuwa sijafundishwa ni kwamba mkasi wa bandeji haukati chuma.

Ochieng' alinitazama nikipekua kabati mara ya pili na ya tatu.

"Sista, unaogopa?"

"Siogopi. Natafuta kifaa."

"Hiyo kifaa iko kwa Fundi Owuor," akasema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni chooni. Akainuka, akashukuru, akaondoka. Mimi nikabaki na sindano ya ganzi mkononi.

Nilimfuata. Nilikuwa kijana na nilikuwa na hasira, na sikuona sababu ya mgonjwa wangu wa kwanza kunitoroka. Nikavuka mchanga na viatu vyangu vyeupe mpaka kwenye kibanda cha mabati ambapo mtu mwembamba, mrefu, mwenye ndevu chache alikuwa anatengeneza injini ya boti. Huyo ndiye aliyekuwa Fundi Owuor. Ochieng' alikwisha kukaa kwenye dramu. Fundi alikuwa anapangusa koleo lake kwenye paja.

"Hiyo plaizi umeiosha?" nikauliza.

"Nimepanguza, madam."

"Na nini?"

"Na suruali."

"Na suruali imeoshwa lini?"

Wavuvi waliokuwa karibu walicheka mpaka mmoja akaangusha dumu. Fundi Owuor hakukasirika. Alitazama suruali yake kama ndiyo kwanza anaiona, akasema, "Hiyo swali uliza mama watoto." Kisha akanisogezea kiti. Tukaafikiana pale pale: mimi nioshe jeraha, nidunge ganzi na sindano ya pepopunda, na koleo lichemshwe kwenye sufuria ya mkewe. Yeye akate. Ochieng' alitolewa ndoana bila kutoa hata mlio, ingawa alilalamika sana kuhusu sindano.

Ndivyo kazi yetu ilivyoanza. Kwa muda nikawa ninaazima koleo la fundi, au fundi mwenyewe. Lakini jambo hilo halikunipendeza, maana chombo kile kilishinda kwenye grisi, na mgonjwa mmoja aliniambia jeraha lake linanuka petroli. Nikaamua kununua la kwangu. Nilipoenda Kisumu kuchukua dawa nilipitia kibandani kwa mchuuzi, nikachagua lenye mishikio myekundu inayong'aa. Nilirudi nalo nikiringa.

Fundi Owuor aliligeuza mara moja tu. "Ni mzuri," akasema. "Ya kukata waya ya stima. Wewe Sista unakata stima?"

Akaokota ndoana kuukuu mchangani, akaniambia nijaribu. Nilibana. Ndoana ilikatika, ndiyo, lakini kwenye makali ya koleo langu jipya palibaki pengo kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Nilikaribia kulia. Waya wa umeme ni shaba, kitu laini. Ndoana ni chuma kilichokazwa ili samaki mzito asikinyooshe, na koleo la shaba likikutana nacho linaumia lenyewe. Fundi hakunicheka, ingawa nafasi alikuwa nayo. Alisema tu kwamba safari nyingine ya Kisumu tutaenda wote.

Na tulienda. Sitasahau alivyoingia kwenye lile duka la vifaa. Muuzaji aliweka koleo moja mezani, fundi akaomba lingine, na lingine, mpaka meza ikajaa. Wateja nyuma yetu wakaanza kuguna. Yeye alikuwa anainua kila moja kuelekea mlangoni penye mwanga, amelifunga bila kulikaza, na kuchungulia kati ya makali.

Haya ndiyo aliyonifundisha siku hiyo, nami nayaandika kwa ajili yenu. Ukilifunga koleo taratibu na kulitazama kwenye mwanga, ncha mbili ndizo zinazopaswa kukutana kwanza, na mwanga mwembamba kama uzi ubaki nyuma karibu na kiungo. Ukikaza, uzi huo wa mwanga unapotea. Likikutana nyuma kwanza na ncha zikaachana, lirudishe, hata likiwa la bei gani. Kisha lishike mshikio mmoja na uutikise ule mwingine kushoto na kulia. Kiungo kisicheze. Lakini ukilifungua, lifunguke bila kugombana nawe. Kisha omba karatasi nyembamba, ikate kwa ncha. Ikikatika ni sawa, ikikunjika katikati ya makali waambie asante. Mwisho muulize muuzaji kwa kinywa chako kama ni la waya mgumu, na akisema linakata kila kitu, toka dukani.

La kwangu tulilolipata halikuwa zuri kwa sura. Lilikuwa jeusi, fupi, urefu wa kiganja changu, limefunikwa mishikio kwa plastiki ya kijivu. Nilipolichemsha mara chache nikaona maji machafu yanachuruzika kutoka chini ya plastiki, nikaivua yote kwa wembe. Ndani nilikuta kutu tayari. Tangu hapo ninawaambia wauguzi: koleo la zahanati liwe uchi. Plastiki ni ya kumlinda fundi wa stima asirushwe, na huko ufukweni hatari ya kurushwa na mgonjwa ni ya namna nyingine.

Kulitunza hakuna siri kubwa, kuna uvivu tu wa kushindana nao. Mara baada ya kazi lioshe kwa sabuni na mswaki wa zamani, hasa kwenye kiungo, kwa maana damu ikikaukia hapo inakuwa gundi. Lichemshe likiwa wazi, si limefungwa. Likaushe juani, usilikaushe kwa kulitazama. Ukisha kulikausha, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, fungua na funga, pangusa. Fundi Owuor alitaka nitumie mafuta ya injini, tukabishana juu ya hilo miaka na miaka, na hakuna aliyeshinda ila kila mtu alifanya lake. Kabla ya kulitumia tena, sabuni na kuchemsha upya.

Na usiliazimishe mtu. Hili ninalisema kwa ukali. Mlinzi atalitaka kwa waya wa ua. Mwalimu atalitaka kwa fremu ya picha. Mchungaji, mtu wa Mungu, alilitaka kwa nyaya za spika, nikamwambia ninamheshimu sana na jibu ni hapana. Wakati wa kukata ndoana, kumbuka kuiweka ndani kabisa ya makali, karibu na kiungo, kwenye nguvu, wala si kwenye ncha. Funika kwa kitambaa kizito, maana kipande kikikatika kinaruka. Kimoja kiliwahi kuruka kikatumbukia kwenye kikombe cha uji cha mama aliyekuwa kwenye foleni, na mama huyo alinidai uji mwingine kwa haki kabisa. Na kabla ya kuisukuma ndoana mbele, chukua ndoana nyingine ya aina ile ile, wavuvi wanazo, uikate kwanza nje. Koleo likishindwa, lishindwe hapo. Ukisha kutokeza ncha upande wa pili halafu koleo likagoma, umempa mtu matundu mawili badala ya moja.

Kadiri miaka ilivyokwenda watu walizoea kuja zahanati. Fundi Owuor mwenyewe ndiye aliyewaleta. Mtu akikimbilia kibandani kwake na ndoana, fundi alikuwa anamwambia, "Enda kwa Nyar Maragoli. Yeye iko na plaizi safi na iko na roho." Nilipopata wauguzi wasaidizi niliwapeleka kwake wakafundishwe kuchagua koleo, na yeye aliwatesa na maswali kama mtahini. Mkewe alikuwa mtu wa Katito, kule sokoni panapochepuka barabara ya Kendu Bay, kwa hiyo tulimwita Nyar Katito. Sisi wawili tulikuwa wageni wa pale kila mtu kwa namna yake, tukapatana. Alinifundisha kukaanga omena, wale dagaa wa ziwani, isinuke. Mimi nilimzalisha mtoto wake wa mwisho.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Fundi Owuor alikuwa na koleo lake la kupenda kuliko yote. La kwangu lina mteremko pande zote mbili za makali, kwa hiyo likikata waya hubakiza kijisehemu kidogo kilichochongoka. Yeye la kwake alikuwa amelisugua mgongo kwenye jiwe la kunolea, siku baada ya siku, mpaka upande mmoja ukawa bapa kabisa. Likilazwa juu ya bati, linakata waya sawa na bati lenyewe. Ukipitisha kidole hukuti kitu. Alikuwa na sababu. Mtu anayetia mkono ndani ya injini bila kuona, kipande cha waya kilichobaki kimechongoka kinamchana. Alikuwa amechanwa sana alipokuwa anajifunza kazi, na aliapa kwamba injini iliyopita mikononi mwake haitamchana mtu. Hiyo ilikuwa heshima yake. Niliwahi kumwona akimrudisha mtu aliyekwisha kulipa na kubeba injini begani, kwa sababu amekumbuka waya mmoja ambao hakuukata vizuri.

Asubuhi moja Nyar Katito alikuja zahanati bila kupiga hodi.

"Nyamera," akaniambia, dada yangu, "njoo uone huyu mzee yangu. Amefunga mkono na kitambaa, hataki mtu aguse. Usiku analia na anasema ni mbu."

Nilimkuta kibandani amekaa, injini mbele yake, hafanyi kitu. Fundi Owuor asiyefanya kitu ni jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilifungua kitambaa. Chini ya kidole gumba cha mkono wa kulia, pale kwenye nyama nene, palikuwa pamevimba, pamekuwa pekundu na moto. Katikati palikuwa na kitone cheusi. Sikuona ndoana.

"Iko wapi?" nikauliza.

"Iko ndani."

Ilikuwa hivi. Siku kadhaa nyuma alikuwa anashusha injini kutoka kwenye boti iliyokuwa inataka kuondoka, akaegemea kamba yenye ndoana, moja ikamwingia. Watu wa boti walikuwa na haraka. Yeye, badala ya kuwaambia wasubiri, alichukua koleo lake la mgongo bapa kwa mkono wa kushoto, akalilaza kwenye ngozi, akakata shina la ndoana. Akakata vizuri. Akakata kama anavyokata kila kitu, bila kubakiza. Alikusudia kuja kwangu jioni. Jioni ikaja injini nyingine.

Mtu mwingine yeyote pale ufukweni angekata ovyo, akabakiza kipande nje, na kipande hicho ndicho ambacho ningekishika nikaisukuma ndoana mbele na kuitoa nzima. Ingekuwa kazi ya muda wa chai. Lakini fundi hakuacha kitu cha kushika. Ngozi ilivimba, ikafunika, na kila alipokunja gumba chuma kile kilikuwa kinatembea ndani.

"Wewe toa tu, Sista," akasema. "Chemsha yako ile nyeusi, toa. Mimi sitapiga kelele."

Niliibonyeza ile nyama kidogo. Nikamwambia akunje ncha ya gumba. Haikukunjika. Akajaribu tena, jasho likamtoka kwenye paji la uso, na ncha ya kidole ikatikisika tu. Ndani ya eneo lile unapita mshipa wa nyama unaokunja gumba, na neva zinazolipatia hisia, vyote vimebanana. Usaha ulikuwa umeshaanza. Huyo mtu alikula kwa gumba lile. Bila gumba hakuna koleo, na bila koleo hakuna Fundi Owuor.

"Hii si ya kwangu," nikamwambia. "Hii ni ya Kisumu, chumba cha upasuaji. Leo."

Alikataa. Alikataa kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Kisumu watakata hii kidole. Yule jamaa wa Muhoroni alishikwa na mashine ya miwa, akaenda na vidole, akarudi na ngumi. Mimi nikatwe, nirudi nifanye nini hapa? Nihesabu mawimbi?"

"Hakuna aliyesema kukata."

"Wewe umetoa ndoana ya watu yote hapa. Ya Ochieng' tulitoa sisi wawili. Ya mimi unakataa?"

Hilo liliniuma. Nilitaka sana kuitoa. Nawaambieni ukweli, mikono yangu ilikuwa inaomba. Nilikuwa na ganzi, nilikuwa na kisu, na mgonjwa alikuwa ananiamini kuliko daktari yeyote. Nikatazama pembeni nisione uso wake, na macho yangu yakaangukia ile meza ya mbao nyuma yake, yenye gunia safi limetandikwa juu.

"Fundi," nikasema, "injini ikizima ukiwa ufukweni, unaifungulia wapi?"

"Si unajua. Mezani."

"Kwa nini si pale pale mchangani? Spana unazo, kazi unaijua."

Aligeuka akaitazama meza.

"Mtu akikuomba uifungue mchangani kwa sababu anakuamini, utaifungua?"

Aliinamisha kichwa. Nyar Katito alikuwa amesimama mlangoni, ameshika lesso yake mdomoni. Nje wavuvi walikuwa wanabishana juu ya barafu. Fundi Owuor akasema bila kuinua kichwa, "Mchanga itaingia ndani."

"Itaingia ndani," nikasema.

"Basi twende wote. Wewe usimame hapo ukiona wanachukua msumeno, unaniambia."

Tulipanda lori la samaki lililokuwa linakwenda Kisumu, sisi wawili mbele na dereva. Njiani nilikuwa ninamwekea barafu ya samaki iliyofungwa kwenye taulo. Dereva aliuliza mzee ameumwa na nini. Fundi akamjibu, "Na usafi wangu mwenyewe," nasi tukacheka wote watatu, ingawa macho yake yalikuwa na maji.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana mpole, akatusikiliza mpaka mwisho. Hakuna msumeno uliotolewa. Walimlaza, wakampasua, wakasafisha, na ndoana ikatoka nzima isipokuwa kile kipande cha shina alichokikata mwenyewe. Nilisimama mlangoni kama nilivyoahidi mpaka wakanifukuza. Gumba lilibaki. Lakini usaha ulikuwa umekaa kwenye mfereji wa ule mshipa, na daktari alituambia waziwazi kwamba halitakuwa kama zamani.

Halikuwa. Baada ya kupona aliweza kulikunja, na kwa mazoezi akapata nguvu ya kubana. Nyar Katito alimpa nguo mbichi azikamue kila asubuhi, na ufuo mzima ukaja kumtazama Fundi Owuor akifua. Alivumilia. Kilichokataa ni kufungua. Alikuwa akishika koleo, anabana, anakata, halafu koleo linabaki limefungwa mkononi na gumba halitaki kulisukuma wazi. Anatumia mkono wa kushoto kulifungua, kisha anabana tena. Waya mmoja ulikuwa unamchukua muda wa kumaliza injini nzima. Siku moja nilimwona akiliweka lile lake la mgongo bapa ndani ya kopo, akafunga mfuniko. Kesho yake kibanda hakikufunguliwa.

Alianza kushinda ukutani kwa wauza samaki, akiwaelekeza vijana wa injini kwa maneno. Walimheshimu, lakini walimsikiliza nusu. Nilikuwa nikipita na kumsalimia, ananijibu vizuri, anauliza habari za zahanati. Haulizi habari za koleo langu. Mtu aliyenigombeza miaka yote kuhusu mafuta ya cherehani hakuuliza tena hata mara moja. Nilirudi nyumbani nikamlilia mtu ambaye yuko hai na anacheka.

Kuna mambo ambayo muuguzi huyajua kwa kukaa na watu. Nikaanza kutazama makoleo ya watu wengine. Mtengenezaji wa redio alikuwa na moja dogo, na nilimwona akikata, akikata, akikata, bila kufungua mkono. Nikamuuliza. Akanionyesha springi iliyofichwa kati ya mishikio. Unabana, ukilegeza linafunguka lenyewe. Lake lilikuwa la nyaya nyembamba za shaba, lisingefaa kwa injini. Lakini nililala nikiliwaza.

Fundi alipokuwa na siku yake ya kuonwa tena hospitalini Kisumu, nilimsindikiza. Tulipomaliza nikamwambia ninahitaji koleo jipya kwa muuguzi anayenirithi, na sina macho ya kuchagua. Alijua ninadanganya, kwa sababu yeye ndiye aliyenipa hayo macho. Lakini akaja.

Dukani nilisimama mimi mbele. Niliomba yenye springi, ya waya mgumu. Muuzaji, kijana mwenye kalamu sikioni, alileta moja, nikaliinua kwenye mwanga wa mlangoni. Ncha zilikuwa zimeachana. Nikalirudisha. Akaleta lingine, linacheza kwenye kiungo. Nikalirudisha. Wateja nyuma yetu wakaanza kuguna. Fundi Owuor alikuwa amejitenga kando, mkono wa kulia mfukoni, anatazama mabomba ya maji kana kwamba amekuja kuyanunua. La tatu ncha zilikutana, na nyuma ukabaki uzi wa mwanga. Nikatikisa. Nikaomba karatasi, nikakata. Sikumwita. Nililaza koleo mezani kwenye upande wake, pamoja na kipande cha waya mgumu alichonipa muuzaji.

Aliyaacha mabomba, akasogea mezani. Kisha mkono ukatoka mfukoni.

Alilishika vibaya mwanzoni, akalizungusha, akalikalisha kiganjani. Akabana, na kipande cha waya kikarukia kwenye mizani. Akalegeza vidole, na koleo likafunguka lenyewe, likamsukuma gumba taratibu mpaka mahali ambapo daktari, Nyar Katito na mimi tulikuwa tumeshindwa kulifikisha. Akatazama. Akabana tena, likamfungua. Akakata waya ule wote, kipande kwa kipande, na ulipokwisha akaendelea kubana na kulegeza hewa tupu, midomo yake imeshikana, machozi yanamshuka na hayafuti, kwa kuwa mkono wa kushoto alikuwa ameusahau.

Muuzaji alichukua kalamu kutoka sikioni. "Mzee, unachukua hii ama bado unaangalia?"

"Bwana, ngoja kidogo," Fundi Owuor akamjibu. "Tunasalimiana."